Utoro wa bwawa umeharibika nawe unaishi chini yake: fanya hivi

Kwa miaka 17 nilifanya kazi ya kusoma vipimo kwenye bwawa. Asubuhi na jioni nilishuka kwenye ubao wa vipimo nikaandika kina cha maji, nikazunguka nyuma ya tuta kupima maji yanayochuja, nikamalizia kwa kutembea kando ya utoro, ile njia ya zege inayoteremsha maji ya ziada bwawa linapojaa. Kazi hiyo niliiacha. Leo naishi na mama yangu kilomita 22 chini ya bwawa jingine kabisa, na wiki tatu zilizopita ilianza kusambaa picha ya utoro wa bwawa hilo ukiwa na shimo katikati, nondo zimechomoza, maji ya rangi ya udongo yakiruka pembeni. Tangu siku hiyo sipiti njiani bila kusimamishwa, na swali ni lile lile: "Litavunjika?"

Ninawaomba tubadilishe swali. Anayekaa bondeni anahitaji kujua mambo mawili: likivunjika, maji yatachukua muda gani kufika mlangoni kwangu, na ni nani atakayeniambia kabla hayajafika. Yote ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya maswali hayo mawili.

Jua kilichoharibika ni nini

Tuta ndilo linalozuia maji. Utoro ndio unaolilinda tuta, kwa sababu tuta la udongo likipitiwa na maji juu ya kilele chake, maji hayo hula mgongo wake, na ndani ya saa chache linaweza kwenda lote. Kwa hiyo shimo kwenye utoro si shimo kwenye tuta. Mtu akikutumia picha akisema "bwawa limetoboka", mweleze tofauti hiyo kwa upole. Lakini usimkubali pia anayesema shimo la utoro ni jambo dogo, maana bwawa lisilo na njia nzima ya kupumulia linategemea huruma ya mvua.

Utoro humwagwa kwa mabamba ya zege yaliyoungwa moja baada ya jingine. Maji yaendayo kasi yakikuta ufa, au maungio yaliyoachana, huingia chini ya bamba na kulisukuma juu. Huko chini huwa kuna mabomba ya kuyaondoa maji hayo. Yakiziba au yakizidiwa, bamba hunyanyuka na kung'oka. Likishatoka moja, maji yanakutana na ardhi tupu, na kuanzia hapo kila kitu kinategemea kama chini kuna mwamba mgumu au mwamba uliooza. Nilifundishwa kugonga zege kwa nyundo ndogo. Likilia kwa sauti kali, ni zima. Likitoa sauti ya mtungi mtupu, chini yake kuna uwazi. Niliandika kwenye daftari "sauti ya mtupu, bamba la nne" miezi mingi mfululizo kabla hajaja mtu yeyote kulitazama, na hadi leo nikikumbuka moyo unaniuma.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Oroville, California, mwaka 2017. Hilo ndilo bwawa refu kwenda juu kuliko yote Marekani, kama mita 235. Tarehe 7 Februari shimo kubwa lilifunguka katikati ya utoro wake mkuu. Wahandisi wakapunguza maji yanayopita humo ili kuokoa zege lililobaki, lakini mvua haikusubiri. Ziwa likapanda, na tarehe 11 maji yakaanza kumwagika juu ya kizingiti cha dharura, ule ukingo ambao maji huupita ziwa likijaa kupita kiasi, kwa mara ya kwanza tangu bwawa likamilike mwaka 1968. Chini ya kizingiti hicho hapakuwa na zege, palikuwa na mteremko wa udongo na miti. Maji yakauchimba, na uchimbaji ukawa unarudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye msingi wa kizingiti chenyewe. Jioni ya tarehe 12 watu takribani 188,000 waliamriwa kuondoka, wakiambiwa kwamba kizingiti kinaweza kuanguka ndani ya saa moja.

Ona walichofanya baadaye. Walifungua maji zaidi kupitia utoro ule ule uliovunjika, hadi kama mita za ujazo 2,800 kwa sekunde. Waliamua kulipoteza zege ili kulishusha ziwa. Usiku huo maji yakarudi chini ya kizingiti, tuta halikuguswa, na tarehe 14 watu wakaruhusiwa kurudi majumbani.

Kisa cha pili ni kidogo, ila kina swali moja ambalo lazima uliulize. Tarehe 1 Agosti 2019, huko Uingereza, mabamba ya utoro wa ziada wa bwawa la Toddbrook, lililo juu ya mji wa Whaley Bridge, yaliporomoka. Watu takribani 1,500 waliondolewa, helikopta ikadondosha mifuko ya kokoto kwenye shimo huku pampu zikivuta maji kutoka ziwani. Hakuna aliyekufa. Utoro ule ulikuwa umelala juu ya mgongo wa tuta lenyewe, kwa hiyo bamba lilipong'oka, kilichokuwa chini yake ni tuta. Basi uliza: utoro wetu umepita pembeni, kwenye mwamba wa mlima, au umelala juu ya tuta? Jibu hilo moja litakueleza ukubwa wa shida kuliko picha 100.

Mto unaonguruma na mto ulionyamaza

Wiki iliyopita mto ulipanda hadi kwenye mizizi ya mti mkubwa wa pale darajani. Watu wakaanza kutoa mizigo nje wakilia kwamba bwawa limeanza kuachia. Nilimpigia anayesoma vipimo kule juu. Ziwa lilikuwa limeshuka sentimita 11 tangu alfajiri. Walikuwa wanalipunguza kwa makusudi.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami naomba ukae napo kidogo. Maji mengi mtoni huku ziwa linashuka ni hasara kwa aliyelima kando ya mto, lakini ni nafuu kwa bwawa. Maji machache mtoni huku mvua inanyesha milimani na ziwa linapanda, hapo ndipo pa kukosa usingizi, ijapokuwa mto unaonekana mpole na watoto wanacheza kando yake. Usiuangalie mto peke yake.

Tafuta namba nne: maji yanayoingia ziwani, maji yanayotoka, eneo la ziwa, na nafasi iliyobaki hadi kwenye kizingiti. Kisha fanya hesabu. Tuseme yanaingia mita za ujazo 900 kwa sekunde na yanatoka 650. Zinazobaki ziwani ni 250 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, unapata mita za ujazo 900,000. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 30 lina mita za mraba milioni 30; gawa, na utaona ziwa linapanda mita 0.03, yaani sentimita tatu kila saa. Ikiwa nafasi iliyobaki ni mita 1.2, una saa 40 kama mvua haitaongezeka. Mvua ikizidi, rudia hesabu. Mimi huifanya nyuma ya bahasha kila jioni na kuibandika kwenye mlango wa nje, na nimeona watu wanasimama, wanasoma, wanakwenda zao wametulia kuliko walivyokuja.

Ukituma habari kwa jirani, tuma kipimo pamoja na saa kilipochukuliwa. "Maji yamejaa sana" haimsaidii mtu. "Saa kumi na mbili jioni, mita mbili na nusu chini ya kizingiti" inamsaidia. Na picha yoyote isiyo na tarehe isiende mbele zaidi ya simu yako.

Mkutanoni, usiridhike na neno "salama"

Tuliitwa mkutano. Ofisa aliyetumwa alisema bwawa liko salama, akarudia mara tatu. Nilinyoosha mkono nikamuuliza: "Salama hadi kina gani?" Akanyamaza, akafungua faili, akasema salama mradi maji yabaki mita moja na nusu chini ya kizingiti. Sentensi hiyo ndiyo niliyotoka nayo. Zile nyingine zilikuwa za kututuliza. Hii ilikuwa na namba, na namba inaweza kufuatiliwa.

Baada ya hiyo, uliza ziwa linaweza kushushwa sentimita ngapi kwa siku utoro ukiwa umefungwa, maana mabwawa mengi yana njia ya chini ya kutolea maji lakini ni nyembamba. Uliza kama kizingiti cha dharura kimewahi kupitisha maji, na chini yake kuna nini: zege, mwamba au udongo. Uliza nani anatembea kwenye tuta usiku. Omba ramani ya mafuriko, ile inayoonyesha maji yatafika wapi na kwa muda gani bwawa likivunjika, na omba kuuona mpango wa dharura. Wakikwambia ramani ni siri, omba wakuonyeshe mstari unaopita kwenye mtaa wako tu, na saa iliyoandikwa kando yake.

Kuna neno moja linalowatisha watu bure. Bwawa likiandikwa kwamba lina "daraja la juu la hatari", mara nyingi maana yake ni kwamba likivunjika watu wanaweza kufa kwa sababu kuna makazi chini yake. Halisemi kwamba ni bovu. Uzima wake hupimwa kando, kwa ukaguzi, na bwawa zuri kabisa laweza kuwa na daraja hilo. Kwa hiyo uliza yote mawili: daraja la hatari, na hali ya bwawa kwenye ukaguzi wa mwisho, pamoja na tarehe ya ukaguzi huo.

Pima muda wako mwenyewe

Kabla ramani haijaja nilijipimia. Mara moja milango ya bwawa ya kutolea maji ilipofunguliwa kwa kawaida, rafiki yangu aliye karibu na bwawa alinipigia saa moja na dakika kumi asubuhi. Nilikaa darajani na saa mkononi. Maji yalianza kupanda saa nne na nusu. Saa tatu na dakika 20 kwa kilomita 22.

Wimbi la bwawa lililovunjika huja na kina kikubwa, na kina hukimbiza maji. Kwa hiyo nikagawa muda ule kwa mbili: saa moja na dakika 40. Kisha nikaondoa nusu saa nzima, kwa sababu mtu lazima aone, aamini, apige simu, na simu ipokelewe. Ikabaki saa moja na dakika kumi. Hiki ni kipimo cha tahadhari cha mtu wa kawaida. Ukipata ramani ya wahandisi, itupe hesabu yangu uifuate yao.

Halafu tembea. Si kwa mawazo, kwa miguu. Mimi na mama tulitoka mlangoni hadi juu kwenye mwinuko kwa dakika 26 mchana wa jua. Tukarudia usiku wa mvua kwa tochi: dakika 41. Tofauti hiyo ya dakika 15 ndiyo iliyonifanya niamue kwamba mama hatasubiri amri. Ziwa likifika mita mbili chini ya kizingiti na bado linapanda, yeye anahamia juu kwa ndugu zake, hata kama ni saa saba mchana na kila mtu anasema hakuna shida. Wenye wagonjwa, wajawazito na watoto wachanga wajiwekee mstari wao namna hiyo mapema, waukubaliane wakiwa hawana hofu, kisha wasiujadili tena siku yenyewe.

Chagua njia inayokutoa mtoni kwa ubavu, ikipanda. Barabara inayofuata mto kuelekea chini inakupeleka sambamba na maji, na maji hayasimami kwenye msongamano. Huko Oroville amri ilipotoka barabara zilijaa magari kwa saa nyingi. Njia yoyote inayopita daraja ihesabu kama haipo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuondoka na gari dogo. Ukiyakuta yameshakata njia, rudi nyuma upande popote palipo juu.

Mfuko wa dharura watu wengi wanaujua, sitakawia: vyeti ndani ya plastiki, dawa za wiki mbili, tochi, maji ya kunywa, viatu vya kufunga. Uwe mfuko mmoja unaobebeka na mtu mmoja. Wanyama wafunguliwe kamba, wasiachwe wamefungwa.

Dalili zisizongoja simu

Kama unaishi karibu kiasi cha kuliona tuta, jifunze kutazama maji yanayochuja nyuma yake. Karibu kila tuta huchuja kidogo, na maji masafi yasiyobadilika si habari. Habari ni maji yaliyoanza kuwa na tope. Tope maana yake maji yanatoka na mwili wa tuta, na kila punje inayoondoka inapanua njia kwa inayofuata. Bwawa la Teton, Idaho, lilionekana likitoa maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, muda mfupi baada ya saa moja. Dakika tatu kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Walikufa watu 11. Wangekuwa wengi mno kama isingekuwa mchana, na kama watu wa chini wasingeambiwa.

Fikiria pia usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, Derna, Libya, mabwawa mawili yalipokatika moja baada ya jingine na maelfu wakafa. Au Solai, Kenya, Mei 2018, bwawa lilipokatika, maji yakawafikia watu wakiwa majumbani usiku na zaidi ya 40 wakafa. Giza linafuta dalili zote nilizozitaja.

Mbali na tope, toa taarifa ukiona chemchemi mpya chini ya tuta, ufa mrefu juu ya kilele, sehemu iliyobonyea, au maji yanayozunguka na kuzama kama kwenye kishimo kwenye uso wa ziwa karibu na tuta. Kwenye utoro wenyewe, angalia kama shimo linasogea kuelekea juu, upande wa ziwa. Shimo linalopanuka kuelekea bondeni ni uharibifu. Linalopanda kuelekea kwenye milango ni dharura. Tumia alama isiyohama, nguzo au mti, upige picha kutoka mahali pamoja kila siku, ukiwa mbali na ukingo. Usiende kwenye zege wala chini ya mdomo wa utoro. Hakuna picha inayostahili uhai wa mtu.

Kuamshana

King'ora cha bwawa letu kilijaribiwa mara moja, na mtaani kwetu hakikusikika kwa sababu upepo ulikuwa unavuma kuelekea juu. Mnara wa simu uko bondeni, nao utakwenda na maji ya kwanza. Kwa hiyo tumerudi kwenye mkono na mlango.

Tumegawa mtaa kwa nyumba sita sita. Kila kundi lina watu wawili wanaolala na simu imewashwa sauti, mmoja akiwa na namba ya msoma vipimo wa juu, mwingine akiwa na namba ya kituo cha polisi. Simu ikija, hawapigi simu sita. Wanagonga milango sita, na hawaondoki mlangoni mpaka mtu atokeze uso. Anayeishi peke yake ameacha ufunguo kwa jirani. Mama yangu masikio yamechoka, hivyo binti wa nyumba ya pili, mwenye miaka 15, ndiye mwenye ufunguo wetu endapo nitakuwa sipo, na wamekubaliana kwamba atamshika bega la kushoto mara mbili na mama atajua la kufanya bila kuuliza. Wamelifanyia mazoezi. Mara ya kwanza mama alikasirika akisema anaamshwa kama mtoto. Mara ya tatu alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, ndani ya dakika mbili.

Mkisharudi baada ya tahadhari, msiyaguse maji ya kisima kabla hayajapimwa, na kama umeme ulikatwa msiuwashe nyumba ikiwa na unyevu ukutani. Kisha kaeni mara moja mwandike nini kilichelewa. Sisi tulichelewa kwenye geti la kona, lilikuwa na kufuli. Kufuli limeondolewa.

Leo saa kumi na mbili jioni ziwa lilikuwa mita 2.3 chini ya kizingiti, limeshuka sentimita nne tangu asubuhi. Zamu yangu ni saa nane hadi saa kumi usiku. Anayenipokea ni fundi cherehani wa nyumba ya mwisho, na tochi nimeshampelekea.